Mbwa Mwenye Ukurutu na Chakula Chake

Huku kwetu Arua na Koboko ni vigumu kumwona mnyama afanyaye kazi nyingi kwa mshahara mdogo kama mbwa. Usiku hulinda mbuzi na kuku, mchana hufukuza tumbili shambani, na malipo yake ni makombo. Lakini akipata ukurutu, manyoya yakapukutika, ngozi ikawa nyekundu, kisha ikageuka nyeusi na nene, naye akajikuna mchana kutwa, basi watu humfanyia moja katika mambo matatu. Humfukuza kwa mawe, au humpaka oili chafu ya gari, au humwua. Katika ukurasa huu nataka kueleza njia ya nne, nayo huanzia katika bakuli lake.

Walakini yanipasa kusema jambo moja mapema. Chakula hakiui wadudu wa ngozi. Kazi yake ni kuupa mwili nguvu ya kujikinga, na kuupa vitu vya kutengenezea ngozi mpya. Asiyetenga mambo haya mawili atapoteza fedha zake, na pengine atampoteza mbwa pia.

Tuanze na ngozi yenyewe. Unywele wa mbwa karibu wote ni protini ngumu iitwayo keratini. Mwili hauachi kutengeneza ngozi na manyoya hata siku moja, na wataalamu hukadiria kwamba kazi hiyo huweza kutumia robo, hata karibu theluthi, ya protini anayoihitaji mbwa kwa siku. Protini ikipungua, mwili hufanya kama mama mwenye busara wakati wa njaa: kidogo kilichopo huwagawia wale wasioweza kungoja. Moyo, damu na ini hupata kwanza. Ngozi huambiwa ingoje. Tena, zile silaha za damu zinazopigana na maradhi nazo hutengenezwa kwa protini. Basi mbwa mwenye njaa ya protini amepungukiwa mara mbili: ukuta wa nyumba umebomoka, na mlinzi wa zamu hana mkuki.

Katika ukuta uliobomoka huingia utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Wako wa namna mbili, na ni lazima kuwatenga. Namna ya kwanza huitwa Demodex. Hawa hukaa ndani ya mashina ya manyoya, na umbo lao ni refu kama sigara. Mtoto wa mbwa huwapata kwa mama yake akinyonya siku za kwanza, na karibu kila mbwa anao wachache bila kudhurika. Mwili ukiwa na nguvu hubaki wachache. Mwili ukidhoofika huzaliana maelfu kwa maelfu. Hawawaambukizi watu. Namna ya pili ni Sarcoptes, ambao huchimba njia ndani ya ngozi na kuleta mwasho mkali, hasa pembeni mwa masikio, kwenye viwiko na tumboni. Hawa huhama upesi toka mbwa mmoja hata mwingine, na huweza kumpa mtu vipele vya kuwasha, ingawa kwa mtu vipele hivyo huisha mbwa akitibiwa. Ili kujua ni nani aliyeingia, daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo kwa wembe butu na kutazama kwa hadubini.

Sasa tuje kwenye bakuli. Katika nyumba nyingi za West Nile chakula kikuu ni ugali wa unga wa muhogo, na mbwa hupewa ukoko wa sufuria na mabaki yake. Muhogo ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini tuufanyie hesabu, kama tulivyofundishwa darasani. Katika gramu 100 za unga wa muhogo mkavu, protini ni gramu 1 au 2 tu. Unga wa mahindi una gramu 8 hivi. Maharagwe yana gramu 22, karanga 25, na samaki wadogo wakavu huwa na 50 au zaidi. Chakula cha mbwa mzima chapasa kuwa na gramu 18 hivi za protini katika kila gramu 100 za vitu vikavu. Mtu aweza kumlisha mbwa ugali wa muhogo hadi ashindwe kusimama kwa shibe, na bado mbwa huyo akawa na njaa.

Hata hivyo huku kwetu dawa ya njaa hiyo imo sokoni. Ni wale samaki wadogo wa Ziwa Albert tuwaitao muziri, wanaoanikwa upande wa Panyimur na kuletwa Arua kwa magunia. Chukua sehemu moja ya muziri na sehemu mbili za unga wa muhogo. Gramu 100 za samaki zina protini 55 hivi, na gramu 200 za unga zina 4. Jumla ni 59 katika gramu 300, yaani karibu 20 katika kila 100. Hesabu imetimia. Kama unga ni wa mahindi, sehemu moja ya samaki kwa tatu za unga zatosha. Lakini pima kwa mizani, usipime kwa kikombe, kwa sababu samaki wakavu ni wepesi na kikombe chao hakilingani na kikombe cha unga. Uwaoshe kwanza kuondoa mchanga, uwatwange, kisha uwapike pamoja na unga. Mifupa yao midogo huleta chokaa ya kujenga mifupa ya mbwa.

Ipo sababu nyingine ya kutomwacha mbwa mgonjwa kula muhogo peke yake. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu iwezayo kutoa sianidi. Mama zetu huijua: humenya, huloweka au huvundika, huanika, ndipo hutwanga. Unga uliotengenezwa kwa haraka hubaki na sumu kidogo. Mwili huweza kuiondoa sumu hiyo, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hiyo huitoa katika protini za namna ile ile inayotakiwa kwa kutengeneza manyoya. Kwa hiyo muhogo usioiva vizuri humnyang'anya mbwa hata kile kidogo alichopata. Wala jambo hili si la mbwa peke yao. Mwaka 1938 daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, aliandika habari za ugonjwa wa konzo katika Kongo ya Wabelgiji, ugonjwa unaopooza miguu ya watu, hasa watoto na wanawake. Baadaye ilijulikana kwamba huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na pamoja na huo hawana protini chakulani.

Baada ya protini kuna vitu viwili vidogo ambavyo ngozi haiwezi kuvikosa. Cha kwanza ni zinki. Mbwa aliyekosa zinki hupata magamba na ukoko kuzunguka macho, mdomo na nyayo. Nafaka na kunde zina zinki, lakini zina pia kitu kiitwacho fitati ambacho huishika zinki tumboni isiingie mwilini. Samaki na nyama huitoa kwa urahisi. Mbwa wa nchi za theluji kama Siberian Husky huweza kuwa na upungufu huu kwa kuzaliwa. Mbwa wetu huupata kwa kula nafaka tupu. Cha pili ni mafuta ya namna iitwayo asidi ya linoleiki, ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza. Ngozi ikiikosa hukauka na kupasuka. Mafuta ya mawese yana kidogo, kama sehemu 10 katika 100. Simsim yetu ina kama 40. Basi kijiko kidogo cha mafuta ya simsim kila siku chatosha kwa mbwa wa kilo 15.

Hapa lazima nitoe onyo. Watu wengi huona kwamba karanga au mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa mtu, lakini yafaa kwa mbwa. Si kweli hata kidogo. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ndipo wataalamu walipogundua sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Mbwa huumia upesi kuliko wanyama wengi: ini huharibika, na hata kabla ya ini kufa nguvu ya mwili ya kujikinga hushuka. Kumpa mbwa mwenye ukurutu karanga za ukungu ni kumpokonya mlinzi mkuki wake.

Nieleze sasa habari za mbwa mmoja, ili maneno haya yasiwe ya kitabuni tu. Simba alikuwa mbwa wa baba mdogo huko Koboko. Mwaka 2022, alipokuwa na umri wa miaka mitatu, alianza kupoteza manyoya usoni na miguuni. Muuza dawa mmoja alimchoma sindano ya kuzuia mwasho, naye baba mdogo akafurahi kwa kuwa mbwa aliacha kujikuna kwa siku chache. Sindano ile ilikuwa ya jamii ya steroidi. Dawa za jamii hiyo hutuliza mwasho kwa kuilaza ile nguvu ya mwili inayopigana, na kwa mbwa mwenye Demodex ni kama kumfungulia mwizi mlango. Baada ya sindano tatu mgongo mzima ulikuwa wazi, unatoa usaha na harufu. Mama mdogo akasema mbwa asikaribie watoto. Wazee wakaamua auawe baada ya sikukuu.

Niliomba nipewe, nikamleta Arua kwa pikapu mwezi wa Januari mwaka 2023. Nilipanda mizani nikiwa nimembeba, kisha nikapanda peke yangu, nikatoa: kilo 11. Mbwa wa kimo chake alipaswa kuwa na kilo 15. Daktari wa mifugo alikwangua ngozi, akanionyesha kwenye hadubini wale wadudu wenye umbo la sigara. Nilimpigia simu mama mdogo jioni ile kumwambia kwamba ugonjwa huo hauwezi kuwapata watoto. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi tungemwua bure?"

Daktari alitoa dawa ya kuua utitiri kwa kipimo cha uzito wa mbwa, pamoja na dawa ya usaha. Tena alikataza steroidi kabisa. Kwa upande wangu nilimpa kila siku robo kilo ya vitu vikavu kabla ya kupikwa: gramu 80 za muziri na gramu 170 za unga, pamoja na kijiko cha mafuta ya simsim. Mara moja kwa wiki nilimpa kipande cha ini kama ukubwa wa yai, na mara kwa mara majani ya dodo yaliyochemshwa. Chakula nilikigawa mara mbili, asubuhi na jioni, maana tumbo la mgonjwa halipendi mzigo mmoja mkubwa.

Wiki ya tatu harufu ilipungua. Wiki ya sita niliona manyoya laini mgongoni kama ya kifaranga. Mwezi wa Mei alikuwa na kilo 14. Daktari alikwangua ngozi kila mwezi, kwa sababu manyoya yakirudi haina maana kwamba utitiri wamekwisha. Kanuni ni kuendelea na dawa hadi hadubini isione mdudu mara mbili, mwezi mmoja baada ya mwingine. Simba alifika hapo Juni. Mwaka 2024 ugonjwa ulianza tena kidogo kichwani. Tulimpeleka mapema, na kwa mwezi mmoja ukatulia. Mbwa wa namna hii haponi kama mtu aponavyo homa. Hutunzwa maisha yake yote.

Baba mdogo alikuja kumtazama, akaniuliza swali ambalo wengi wenu mnaliuliza sasa moyoni: "Mwanangu, ni haki mbwa kula samaki hali kuna watoto wanaokula mboga tupu?" Swali hilo ni la haki, nami sikulicheka. Nilimjibu hivi. Mtoto atangulie, bila shaka yoyote. Na ile hesabu ya bakuli la mbwa ndiyo hesabu ya sahani ya mtoto, basi anayeijua kwa mbwa wake hana udhuru kwa mwanawe. Lakini mbwa hahitaji kula kile ambacho mtoto angekula. Vichwa na matumbo ya samaki, matumbo ya kuku, mapafu na masalio ya buchani, vyote vina protini, na mara nyingi hutupwa au huuzwa kwa bei ndogo. Hivyo vikiwekwa mahali pa muziri, mbwa hula vizuri bila kumpunguzia mtu.

Sharti moja tu: vyote vipikwe hadi viive. Mapafu na maini mabichi huweza kuwa na malengelenge ya tegu mdogo wa mbwa. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake yakimfikia mtu huota uvimbe mkubwa ndani ya ini au pafu. Ndugu zetu wa Turkana nchini Kenya wameteswa sana na ugonjwa huo. Kwa sababu hiyo pia chombo cha mbwa kiwe chake peke yake, nao watoto wanawe mikono baada ya kumshika.

Wako mbwa wachache ambao ukurutu wao hutokana na chakula chenyewe. Miili yao hukataa nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano. Hawa hujulikana kwa jaribio moja: wape kwa wiki 8 nyama ya namna moja na wanga wa namna moja ambavyo hawajavizoea, kwa mfano sungura na viazi vitamu, bila kingine chochote. Mbwa lazima afungwe au azuiwe uani, maana mfupa mmoja wa jalalani huharibu jaribio zima. Hapa daftari lafaa sana. Andika kila anachokula na siku anayojikuna, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena si kila mbwa aliyekonda na kupukutika manyoya ana ukurutu. Katika bonde za vijito vya Koboko na Arua bado wako mbung'o, ndiyo maana mwaona vile vitambaa vidogo vya buluu kando ya maji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya watu ya namna ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda, lakini mbung'o huwapa mbwa malale za wanyama. Mbwa mwenye macho yaliyoingia ukungu wa samawati, uso uliovimba na fizi nyeupe, usimpikie samaki na kungoja. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Hali kadhalika magonjwa ya kupe.

Ili mkumbuke, nakusanya maneno yangu. Kwanza, mpeleke mbwa akakwanguliwe ngozi kabla ya kununua dawa. Pili, usipake oili chafu. Mbwa hujilamba, na sumu yake huingia tumboni. Tatu, usikubali sindano ambayo hujaambiwa jina lake wala kazi yake. Nne, pima chakula: samaki sehemu moja, unga wa muhogo sehemu mbili, na kijiko cha mafuta ya simsim. Tano, usimpe mchuzi wenye vitunguu, maana huharibu damu ya mbwa. Wala chokoleti, zabibu kavu, machicha ya pombe, au mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika kama misumari. Sita, ukurutu usikufanye usahau chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwambie daktari hali yake, naye atakuelekeza. Saba, vumilia. Ngozi iliyoharibika kwa mwaka mzima haitengenezwi kwa wiki mbili.

Enyi mlio shuleni, mna mizani, mna hadubini, na mnajua kugawanya sehemu kwa sehemu. Na ninyi mliokwisha kumaliza, mna nyumba na mbwa mlangoni. Mbwa hawezi kusema ana njaa ya nini. Ngozi yake ndiyo barua yake. Aliyesoma shule ajifunze kuisoma barua hiyo kabla ya kuokota jiwe.

Mimi, mwanafunzi wa zamani, Arua.